Dirisha Lililofunguka Nyuma ya Fomu

Kila programu inapoamka kwenye kompyuta, kabla haijaonyesha hata herufi moja, hujieleza kwa mfumo endeshi. Husema: nataka dirisha, ukubwa wake huu, lina fremu au halina, mtumiaji aweze kulikuza au asiweze, lina mwenyeji au limekuja peke yake, likae juu ya madirisha yote au lipange foleni kama wenzake. Nyinyi vijana hamuoni maelezo hayo kwa sababu vifaa mnavyotumia huwaandikia. Mnavuta kisanduku, mnakiweka mahali, mnaenda kunywa chai. Sisi tulikuwa tunaandika wenyewe, mstari kwa mstari, na nimestaafu nikiamini kwamba hayo ndiyo maelezo yanayoweza kuua mtu. Sisemi hivyo kwa kutafuta maneno makubwa. Nilihesabu, nikarudia kuhesabu, na jibu likawa mmoja mara zote mbili.

Somo la kwanza la madirisha nililipata kabla sijaiona kompyuta. Mama yangu alikuwa balozi wa nyumba kumi pale Ntalikwa, miaka ile ya Ujamaa. Mgeni akilala kwenye nyumba yoyote kati ya kumi zile, sharti aripotiwe kwa mama kabla jua halijazama. Mama hakuwa na ofisi. Alikuwa na kinu, kigoda na daftari la shule, na maswali yake aliuliza huku akitwanga. Wewe nani? Mwenyeji wako ni nani? Unakaa siku ngapi? Aliyejibu vizuri alipewa michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa. Aliyejibu vibaya alipewa michembe pia, lakini hakuruhusiwa kulala.

Siku moja alikuja mzee mmoja kutoka Puge, mdomo mwepesi, akasema yeye hana haja ya kutaja mwenyeji. Ujamaa umekuja, wote ni ndugu, kwa hiyo yeye ni mgeni wa nyumba zote kumi. Watu wakacheka. Mama hakucheka wala hakuacha kutwanga.

"Mgeni wa wote," akamwambia, "nyumba ikiungua hana wa kumwamsha."

Miaka ishirini baadaye nikakuta kwenye kitabu cha programu kwamba dirisha la ujumbe lisilotajiwa mwenyeji linaweza kuachwa nyuma ya mengine, likakaa huko, na mtumiaji asijue lipo. Nilisoma ukurasa ule nikamwona mama na kinu chake. Lakini kusoma si kushika, kama mtakavyoona.

Kazi yenyewe nilianza kwa Bwana Hirji, Mhindu aliyekuwa na duka dogo karibu na soko, fundi wa mashine za kuandika. Kila ofisi ya kijiji cha ujamaa ilitaka mashine ya kuandika, na mashine zenyewe zilikuwa zimechoka kuliko makatibu. Utepe mpya haukupatikana. Tuliuloweka ule wa zamani kwenye wino wa mihuri tukauchanganya na mafuta ya nyonyo kidogo, na kwa muda barua za serikali za vijiji zilinuka kama mtoto mchanga aliyetoka kukandwa. Hakuna aliyelalamika. Barua zilisomeka, na wakubwa walidhani ndiyo harufu ya maendeleo.

Bwana Hirji alikuwa mtu wa maneno machache na dawa ya meno ya karafuu. Nilipomaliza mashine yangu ya kwanza, nikaipiga herufi zote, nikampelekea nikiwa nimejaa kifua. Hakuigusa. Alimwita fundi cherehani wa barazani, mtu ambaye hakuwahi kuandika kwa mashine maishani, akamwambia apige lolote. Fundi cherehani alipiga vidole viwili kwa pamoja, mikono ya herufi ikang'ang'aniana, mashine ikakwama pale pale.

"Masanja," Bwana Hirji akaniambia, "ikipona mikononi mwako haijapona. Mikono yako inajua pale panapouma, inapakwepa."

Nikajitetea kwamba nimeijaribu mara mbili. Akasema ningeijaribu mara mia ingekuwa ni mara moja ile ile. Nilimwona ni mzee anayependa kubana watu. Mimi ni mtu wa kuhesabu vitu mara mbili. Sokoni nahesabu nyanya mbele ya muuzaji, nikifika nyumbani nazihesabu tena mbele ya mke wangu, na nilidhani huo ndio uangalifu wote uliopo duniani.

Ujamaa uliondoka kimyakimya, kompyuta zikaja kwa kelele. Bwana Hirji alipoiona ya kwanza alisema ni mashine ya kuandika iliyomeza televisheni, akanikabidhi. Nilijifunza kwa vitabu vilivyochakaa na kwa kuharibu. Ngoja niwape ya kuharibu moja, ya kucheka, kwa sababu mbele huko hakuna ya kucheka.

Mwalimu mkuu mmoja alitaka programu ya ratiba. Saa ya kipindi ikifika, itokee taarifa kwenye skrini ili agonge kengele. Alinisisitiza isipotee machoni pake. Nikalitangaza dirisha lile kwa mfumo kuwa ni la kukaa juu ya yote. Wiki ya pili alinunua programu nyingine ya kalenda, na aliyeiandika naye alikuwa ameitangaza ya kwake kuwa juu ya yote. Ikawa kama kijiji chenye wenyeviti wawili. Moja likipanda, la pili linapanda juu yake, la kwanza linapanda tena, skrini inatetemeka kama mtu mwenye homa, na mwalimu mkuu hapati hata pa kubofya. Alichofanya ni kuchomoa waya ukutani. Shule nzima ilikaa kwenye kipindi cha hesabu mpaka saa saba na nusu.

Basi nikaogopa tamko lile la juu ya yote. Lishikeni hilo, kwamba niliogopa.

Sasa niingie kwenye lenyewe.

Kulikuwa na hospitali moja nje ya mji, jina lake nalihifadhi. Radi iliunguza simu zao za ndani, na maabara ikawa mbali na wodi ya wazazi, ukuta hadi ukuta mwendo wa dakika nne kwa mtu asiyebeba kitu. Waliniomba programu ya kupeana ujumbe. Maabara wakimaliza kupima damu ya mgonjwa na kuipatanisha na ya mtoaji, waandike, wabonyeze Tuma, na dirisha lifunguke kwenye kompyuta ya wodi. Upande wa maabara, ujumbe ukishapokelewa na mashine ya wodi, lilitokea neno moja: Imefika. Neno hilo nililichagua mimi. Nililiona fupi na safi.

Mwanzoni nililifanya dirisha lirukie juu ya yote na kushika baobonye, yaani kibodi. Metroni wa wodi, mama mmoja mkavu ambaye madaktari walimwamkia kwanza, aliniita baada ya wiki. Alisema wauguzi wanakuwa katikati ya kuandika fomu ya mgonjwa, vidole vinakwenda, dirisha langu linaruka, kitufe wanachobonyeza kwa ajili ya fomu kinalifunga dirisha kabla halijasomwa.

"Fundi, dirisha lako linawakatiza watu maneno," akasema. "Hata mawifi zangu hawajafika huko."

Tulipatana kama watu wa soko. Yeye alitaka lisiruke kabisa, mimi nilitaka liruke kama chura. Tukakutana katikati: lije mbele mara moja likiwa na ujumbe, lisifungwe kwa baobonye bali kwa kipanya tu, na lisikae limeng'ang'ania juu ya yote. Nilikubali upesi kwa sababu nilikuwa bado namwona mwalimu mkuu akivuta waya. Kwenye mashine zile za zamani mapatano yale yalifanya kazi vizuri. Programu iliuomba mfumo: nilete mbele. Mfumo ukaileta.

Kisha hospitali ikapewa mashine nyingine na wafadhili, zilizotumika lakini mpya kuliko zile, na mfumo wake mpya. Mifumo mipya ilikuwa imeweka sheria. Programu ambayo mtumiaji hafanyi nayo kazi kwa wakati ule haiwezi tena kujisukuma mbele ya nyingine. Ikiomba iletwe mbele, mfumo unakataa, na badala yake unakipaka rangi kibonye chake kwenye mstari wa chini wa skrini, kinamwekamweka mara chache kisha kinabaki na rangi. Ni sheria nzuri. Iliwekwa kwa sababu ya watu kama mimi. Na ilikuwa imeandikwa kwenye maelekezo, mahali pa wazi. Nimeisoma mara mbili, zote baada ya msiba.

Niliihamisha programu nikaijaribu. Niliketi wodini, nikaifungua, nikamwagiza Ramadhani, mtaalamu wa maabara, atume ujumbe. Dirisha likaja mbele. Nikamwagiza atume tena. Likaja tena. Mara mbili, sawasawa, nikaenda zangu. Mmeshaona kosa? Mara zote mbili programu iliyokuwa mbele ilikuwa ni yangu. Mimi ndiye niliyekuwa mtumiaji, na nilikuwa nafanya nayo kazi, kwa hiyo mfumo haukuwa na sababu ya kuizuia. Fomu ya kuandikishia wagonjwa, iliyoandikwa na watu wengine, ile inayojaza skrini nzima na ambayo muuguzi anaishi ndani yake tangu asubuhi, sikuifungua hata mara moja.

Jambo moja zaidi. Wauguzi walikuwa wamebandika plasta pana chini ya skrini, ile ya kufungia vidonda, nusu kwenye fremu na nusu kwenye kioo, juu yake wakaandika majina ya madaktari wa zamu. Ilifunika mstari wa chini wote. Kwa mashine za zamani haikuwa na madhara. Niliiona siku ile ya majaribio. Nilisifu mwandiko.

Aliyekuwa zamu siku ya tukio ni Modesta, muuguzi wa miaka arobaini na kitu, mjane, ambaye tangu nianze kwenda pale aliniita kaka. Alikuwa peke yake na wanawake watatu. Mmoja wao, Nyamizi, binti kutoka Goweko, alijifungua mtoto wa kike karibu na adhuhuri, kisha akaanza kutoka damu. Mume wake, Mihayo, mkulima wa tumbaku, alikwenda maabara akatoa damu yake, kama ndugu wanavyotakiwa kufanya kwetu. Modesta alimtuma mhudumu wa usafi kuuliza kama iko tayari. Akajibiwa bado inapimwa, wataona kwenye kompyuta. Kwa hiyo akawa anamkandamiza Nyamizi tumbo kwa mkono, anamwendea wa pili, anakimbilia kompyuta, anaandika kinachotakiwa kwenye fomu, anaitazama skrini, anarudi.

Saa nane na dakika kumi mchana Ramadhani alimaliza, akaandika: Damu ya Nyamizi tayari, njooni mchukue. Akabonyeza Tuma. Mashine ikamjibu: Imefika. Yeye akaendelea na chupa nyingine.

Saa tisa Modesta aliacha kila kitu akakimbia mwenyewe. Aliikuta damu kwenye jokofu, ina lebo, ina jina. Alirudi nayo mbio. Nyamizi alikuwa amekwisha.

Hospitali iliunda kamati ya watu watatu. Mwenyekiti alikuwa daktari mzee aliyeletwa kutoka mkoa mwingine, na katibu wa hospitali alikuwemo. Ushahidi mkubwa ulikuwa karatasi iliyotoka kwenye programu yangu: saa nane na dakika kumi, Imefika. Modesta alisema hakuona ujumbe wowote. Waliona anadanganya, na kama wangeamua hivyo asingefukuzwa pale tu. Jina lake lingeondolewa kwenye orodha ya wauguzi, asishike tena sindano popote, na faili liende polisi. Wakaniita mimi nije niseme kama mashine inaweza kudanganya.

Siku moja kabla ya kikao nilikwenda wodini. Nilimwomba muuguzi wa zamu aendelee na fomu yake, nikamwambia Ramadhani atume. Hakikutokea kitu. Nikangoja, hakikutokea kitu. Nikainua ncha ya plasta kwa ukucha, nikakiona kibonye changu huko chini, kimegeuka rangi ya chungwa, kimetulia kama kinangojea basi. Nikaibandika plasta tena na kuilainisha kwa kidole gumba. Hicho kidole sijui kilikuwa kinamfichia nani.

Katibu wa hospitali alinikuta kwenye veranda. Alikuwa mtu mwungwana, hakunitisha. Aliniambia tu kwamba zahanati sita zinaingoja programu yangu, na kwamba shahidi mwenye busara hujibu alichoulizwa. Nikajiambia basi hakuna uongo. Mimi ni mzoefu wa mapatano, vijana wangu, na mapatano mabaya kuliko yote ni yale ambayo mnunuzi na muuzaji wote ni wewe.

Kikaoni mwenyekiti aliniuliza kama ujumbe ulifika.

"Ulifika," nikasema.

Akaniuliza kama mashine inaweza kuandika Imefika wakati haujafika. Nikasema haiwezi. Yote mawili kweli tupu. Modesta alikuwa ameketi upande wa pili wa meza, mikono mapajani. Aliomba kuuliza swali moja.

"Kaka Masanja, ulifika wapi?"

Mwenyekiti alisema maswali yaulizwe na kamati. Nami nikashukuru, nikanyamaza. Siku ile ile Modesta alisimamishwa kazi, akingoja uamuzi.

Nilikaa siku tisa. Sitawaeleza kila moja. Nilikula, nililala kidogo, nilikwenda kwa Bwana Hirji nikiwa na nia ya kumweleza, nikaishia kuzungumzia bei ya betri. Ya kumi nilikwenda kwa Modesta, nyuma ya stesheni. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Alinikaribisha, akanipa kigoda, nikamweleza yote: fomu, sheria ya mfumo, kibonye, plasta. Aliendelea kuchambua. Nilipomaliza aliniuliza kitu kimoja, kama siku ile nilipojibu nilikuwa ninajua.

"Nilikuwa najua."

Aliokota jiwe kwenye maharage, akalitupa pembeni, akaokota la pili.

"Basi usije kuniambia mimi," akasema. "Mimi kwamba sikuona nilishajua tangu mwanzo."

Kesho yake nilimwomba mwenyekiti kikao cha mwisho kifanyike wodini. Katibu hakupenda, lakini daktari mzee alikuwa wa kizazi kinachotaka kuona kidonda, hasimuliwi. Modesta aliitwa, na Mihayo aliitwa pia kwa sababu ilikuwa siku ya kusomewa matokeo. Alikaa kwenye benchi mlangoni na kofia yake magotini.

Nilimwomba mwenyekiti aketi kwenye kompyuta yeye mwenyewe, afungue fomu, amwandikishe mgonjwa wa kubuni. Nikamwambia akiuona ujumbe kutoka maabara aache kuandika aseme. Nilimtuma mhudumu kwa Ramadhani. Baada ya dakika chache mhudumu alirudi na karatasi: Imefika, na saa yake. Nikaiweka mezani kifudifudi. Mwenyekiti aliandika jina, akaandika kijiji, akaandika uzito. Akamaliza fomu moja akaanza ya pili. Akafuta miwani. Mtoto mmoja alikuwa analia wodi ya pili.

"Fundi, nangoja," akasema.

"Umeshafika, daktari."

Nikaigeuza karatasi. Akasoma saa, akatazama ya ukutani. Kisha nikaishika plasta nikaivuta yote. Ilitoa ule mlio wake. Kibonye kilikuwa pale. Nikakibofya, na dirisha likaja mbele, jeupe, zuri, na ujumbe wake.

Mwenyekiti aliusoma. Halafu aliniuliza kwa nini sikusema siku ile. Nikamwambia nilijibu nilichoulizwa. Nilijisikia ninavyolisema, nikatamani kulirudisha mdomoni. Mwenyekiti alimgeukia Modesta akamwambia, mbele ya wote, kwamba hakuwa na kosa na kwamba kamati inamwomba radhi. Modesta aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayepokea mzigo aliodhani ni wa mwingine.

Kwenye taarifa waliandika hitilafu ya mtambo. Niliomba jina langu liandikwe. Katibu alisema haina haja, mtambo hauna watoto wa kusoma. Ndivyo nilivyobaki msafi kwenye makaratasi. Modesta alirudi kazini lakini hakutaka tena wodi ya wazazi. Walimpeleka kupima uzito wa watoto. Tukikutana hunisalimu vizuri. Neno kaka aliliacha.

Nilichobadilisha ni hiki, na hiki mkichukue. Neno Imefika nililifuta. Mashine ikipokea, maabara wanaona: Uko kwenye mashine, haujasomwa. Mtu akibofya, hapo tu panatokea: Umesomwa, na jina la aliyesoma. Dakika tano zikipita bila jina, skrini ya maabara inakuwa nyekundu na mtu anatakiwa kwenda kwa miguu. Ujumbe wa damu, na wa damu peke yake, nikautangaza kwa mfumo kuwa wa kukaa juu ya yote, aogope mwalimu mkuu atakayeogopa. Zahanati zile sita zote zilichukua hiyo. Na kabla ya kukabidhi, siketi mimi. Namkalisha mfagizi kwenye kompyuta, na fomu ya watu wengine ikiwa imejaza skrini, mimi nasimama mlangoni nikiwa na mikono mfukoni.

Lakini siku ile wodini, kikao kilipofungwa, watu wakaanza kusimama. Mihayo hakusimama. Alikuwa amesikiliza yote bila kuuliza, na tulidhani hakuelewa mambo ya madirisha. Alimwuliza Ramadhani, aliyekuwa amefika kutoka maabara.

"Kwa hiyo damu yangu ilikuwepo?"

Ramadhani akasema ilikuwepo.

"Haikuwa na ubaya?"

"Haikuwa na ubaya. Ilipatana na yake."

Mihayo akaeleza, polepole, akitazama kofia yake, kwamba wakwe zake walisema damu ile ilikataliwa. Walisema yeye ni mtu wa mabani ya kukaushia tumbaku, amevuta moshi wa tumbaku tangu utoto, damu imemwozea mwilini, ndiyo maana binti yao hakuongezewa. Na kichanga wamemchukua, hawataki alelewe na baba wa namna hiyo. Akauliza damu yenyewe ilipelekwa wapi. Ramadhani akamwambia siku ya pili aliwekewa mzee mmoja aliyeangukiwa na mti, akapona, akaondoka kwa miguu yake.

"Niandikieni," Mihayo akasema.

Katibu alinionyesha kompyuta kwa kidevu. Nikavuta kiti. Mihayo akatikisa kichwa, akasema si kwa hiyo, kwa mkono. Modesta alichukua karatasi ya hospitali na kalamu, akainama mezani akaandika, daktari mzee akatia sahihi, katibu akaleta mhuri bila kuambiwa. Mihayo aliipokea kwa mikono miwili. Aliitazama juu mpaka chini, kisha akamrudishia Modesta bila kuiachia.

"Dada, hapa ni wapi palipoandikwa haikukataliwa?"

Modesta akamwonyesha. Mihayo akaweka kidole pale pale, akakiacha.